Suka, hiyo sio taifodi: maswali ya madereva wa malori kuhusu sonona

Nipo kituo cha afya huku Tunduma, mpakani na Zambia, kwahiyo wagonjwa wangu wengi ni madereva wa malori ya Lusaka na Lubumbashi, wao na mataniboi wao. Haya maswali naulizwa kila wiki, na mengi mtu anayauliza akiwa kashasimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango.

Nimepima taifodi mara nne, malaria hamna, moyo wanasema mzima, mbona mwili bado mzito na usingizi hamna?

Inawezekana kabisa ni sonona. Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine: wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huna raha, hamu ya vitu imekata, unashtuka saa tisa usiku ndo basi tena, chakula hakipiti, nguvu za kiume zimekimbia (msikimbilie busta za stendi jamani). Kwa wanaume wengi haiji na machozi, inakuja na hasira, pombe, mgongo na kichwa, ndo maana mnaishia maabara.

Kuna mmoja alikuja na bahasha ya kaki, ndani vipimo vya hospitali tatu kavipanga kwa tarehe kama dokumenti za forodha. Nikamuuliza tu, hii hali tangu lini? Akanyamaza, akawa anakunja karatasi ya mzani anaikunjua, anaikunja tena, mwisho akasema tangu siku ile pale mlima Kitonga alipoona mwenzake anaungua ndani ya kabini na hakuweza kumtoa. Miaka miwili! Miaka miwili anameza dawa za vidonda vya tumbo na hajawahi kumwambia mtu, hata mkewe.

Si nijikaze tu, itapita?

Hapana. Uchovu wa foleni unapita ukilala, hasira za kukatwa posho zinapita, ila kitu kilichovuka wiki mbili na kinakuharibia kazi na nyumba usikisubirie. Taa ya oili ikiwaka kwenye dashibodi huwa mnajikaza? Mnapaki pembeni hapohapo, mnampigia fundi. Sasa kwa mwili wako unasema "nikirudi safari hii nitaenda", halafu safari hii inakuwa ya sita.

Lakini mimi ni mwanaume, nitaanzaje kumwambia daktari nina mawazo?

Anza hivyohivyo. "Daktari silali, na nina mawazo." Inatosha, mengine tutauliza sisi. Na narudia, usijikaze, maana wanaojikaza ndo tunaowapokea wakiwa wameharibika, dunia nzima wanaume wanaojiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake, na sio kwamba wanawake hawana shida, shida wanazo tele, ila wao wanasema.

Bia mbili tatu zinanisaidia kulala, kuna ubaya gani?

Zinakulaza, halafu zinakuamsha usiku wa manane na mawazo yaleyale yameongezeka. Asubuhi unachangamsha macho kwa enaji na mirungi, jioni unatuliza kwa konyagi, na hapo umebeba tani thelathini. Hiyo sio dawa, acheni kuiita dawa. Ila kama unakunywa sana kila siku usikate ghafla ukiwa peke yako, unaweza kutetemeka hadi ukapata degedege, njoo tukupunguzie kwa utaratibu.

Nitapelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili? Bosi akijua?

Wengi wanatibiwa hapahapa, wanaongea na mhudumu, wengine wanapewa vidonge, wanarudi kwenye gari zao. Mambo yako ni siri, hatumpigii bosi. Siwezi kukudanganya kwamba mabosi wote wana utu, ila bosi huyohuyo ukipindua gari atakupenda zaidi?

Vidonge si vitanilaza kwenye usukani?

Vipo vinavyoleta usingizi, mfano amitriptilini, kwahiyo sema mapema kwamba unaendesha, tuchague kingine au tupange utakunywa saa ngapi na siku ngapi usishike gari. Vinachukua wiki mbili hadi nne kuanza kufanya kazi. Msije siku ya tano mkasema dawa feki, wala msiache siku mnayojisikia vizuri.

Mwenzangu anasema bora gari ingemlalia tu watoto wapumzike. Ni utani wa kijiweni?

Sio utani. Muulize wazi, "unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpi wazo, kunampa nafasi ya kusema. Akisema ndiyo, au akikwepa jibu, chukua funguo, usimwache alale peke yake kabini, mlete hospitali leo, sio kesho baada ya kuvuka boda. Gari itakaa parking, shaba mliyobeba haiozi.