Ukubwa wa AC: BTU ni nini na chumba chako kinahitaji ngapi

Ukiambiwa kiyoyozi hiki ni cha 9,000 na kile ni cha 12,000, unachotajiwa ni BTU, yaani kiasi cha joto ambacho mashine inaweza kukiondoa chumbani kwa saa moja. BTU 12,000 ndiyo "tani moja", karibu kilowati 3.5 za upoozaji. Tani hiyo si uzito wa mashine. Imetoka enzi za kupoza kwa mabonge ya barafu: ni joto la kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, kilo 907, kwa saa 24. Wala kilowati hizo si umeme utakaolipia. AC huhamisha joto nje kwa umeme mdogo kuliko joto lenyewe.

Kwenye joto kali, mafundi wengi huanza na BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinatoa 9,600. Usiishie hapo. Kama kiko ghorofa ya juu kabisa, zege lililopigwa jua kutwa litaendelea kumwaga joto hadi usiku, na dirisha kubwa la magharibi huingiza jua kali la jioni. Ongeza angalau asilimia 10: inafika 10,560, kwa hiyo chukua ya 12,000. Chumba hichohicho kikiwa kivulini, na majirani juu na chini, punguza asilimia 10: 8,640, ya 9,000 inatosha. Watu wakizidi wawili, ongeza 600 kwa kila mmoja. Jiko likiwa humohumo sebuleni, ongeza 4,000.

Wengi huogopa AC ndogo, na kweli itanguruma mchana kutwa bila kufikia nyuzi ulizoweka. Ila kubwa mno nayo ni tatizo, hasa kwenye hewa yenye unyevu. Inapoza chumba kwa dakika chache, kompresa inazima kabla unyevu haujageuka matone na kutoka kwenye bomba la maji. Unalala kwenye baridi yenye majimaji, na nguo kabatini zinaanza kunuka ukungu. AC ya inveta hupunguza kasi badala ya kuzima, lakini nayo ina kikomo chake cha chini.

Fundi akikutajia ukubwa kwa simu bila kuuliza dirisha linatazama wapi na juu yako kuna nini, mwombe aje akione chumba, ikiwezekana alasiri.