Mthibiti ubora wa shule hafukuzi walimu

Kwa miaka mingi vijijini Tanzania imesemwa kwamba mkaguzi akishuka shuleni, kuna mwalimu atakayepoteza kazi. Imani hiyo si sahihi. Mamlaka ya nidhamu ya walimu wa shule za umma, kwa makosa mazito yanayoweza kumwondoa mtu kazini, yako kwa Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Wathibiti ubora, ambao zamani waliitwa wakaguzi, wako chini ya wizara yenye dhamana ya elimu, na kazi yao ni kutathmini, kushauri na kuandika taarifa.

Woga huu una gharama, hasa katika shule ndogo yenye walimu wanne au watano, ambako mmoja hufundisha madarasa mawili kwa zamu. Siku ya ugeni maandalio ya masomo hunakiliwa usiku kucha, na wanafunzi hufundishwa upya somo wanalolijua tayari, ili wote wanyooshe mikono. Mgeni huondoka bila kuona kwamba watoto wa darasa la tatu bado wanasoma kwa kukariri ubao. Naamini mwalimu anayeonyesha ugumu huo waziwazi, kisha akakaa na mthibiti baada ya kipindi wakapitia pamoja madaftari ya watoto, hupata msaada ambao faili safi haliwezi kumletea. Na mwalimu mkuu anaweza kuufuatilia ushauri huo kila wiki, bila kungoja ugeni mwingine.