Ukifumbata maiki sauti haikui: dhana potofu za wanaoshiriki matamasha ya hip-hop ya mtaani

Tamasha baada ya tamasha, mambo ni yale yale: rapa anapanda jukwaani, anafumbata kichwa cha maiki kwa viganja viwili, kisha anamfokea fundi mitambo, "Ongeza sauti!" Aliyeipunguza ni yeye mwenyewe, lakini jaribu kumwambia.

Dhana: Kufumbata maiki kunaipa sauti uzito na nguvu.

Maiki ya kawaida ya jukwaani ina matundu nyuma ya sehemu inayonasa sauti, ndani ya ule wavu. Matundu hayo ndiyo yanayoizuia kunasa vizuri kinachotoka nyuma yake, yaani monita, ile spika iliyo miguuni pako inayokurudishia sauti yako. Ukiyaziba, maiki inaanza kunasa pande zote. Sauti ya monita inaingia kwenye maiki, inakuzwa, inatoka kwenye monita ileile, inaingia tena, na mluzi unapasua masikio ya watu. Fundi afanye nini? Anakushusha. Kinachobaki ni sauti ya mtu aliyeingiza kichwa kwenye ndoo: s, t na k zimemezwa, na rapa asiyesikika konsonanti hana mistari.

Shika mpini katikati, wavu uwe wazi, mdomo ukae sentimita 2 hadi 5 kutoka hapo. Unataka uzito? Sogea karibu zaidi, maana maiki hizi huongeza besi zenyewe kadiri mdomo unavyokaribia. P na b zikilipuka, usirudi nyuma. Inamisha maiki kidogo pembeni. Unapopumzika, usiilekeze kwenye monita. Na wakati wa kupima sauti tupa ubeti wako mkali kuliko yote, kwa nguvu ileile ya shoo. Hayo mambo ya kunong'ona "moja, mbili" kisha kuja kubweka usiku yanamvurugia fundi kila alichopanga.

Dhana: Fundi ataondoa sauti ya mwimbaji kwenye wimbo.

Hapana. Programu za kuondoa sauti huacha mabaki, na jukwaani hakuna muda wa kuzihangaikia. Njoo na biti tupu, faili la WAV (sauti isiyobanwa) la 44.1 kHz, kwenye flashi mbili. Ukilazimika kutumia simu, iweke hali ya ndegeni, la sivyo shangazi atapiga katikati ya kiitikio.

Dhana: Ukuta ukiwa mkavu, chora tu grafiti yako.

Plasta mpya ya saruji ipewe takriban siku 28. Kabla ya hapo ina alkali kali inayokula rangi ya mafuta, na unyevu unaotoka huleta chumvi nyeupe inayobandua mchoro. Ukuta wa zamani usugue, uoshe, uache ukauke, upake praima (rangi ya msingi) ya akriliki. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rangi ya kopo la kupuliza. Vaa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, hata ukiwa nje. Ukimaliza, geuza kopo kichwa chini upulize mpaka itoke hewa tupu, kichwa chake kisizibe.

Dhana: Asiyerap hana nafasi.

Katika sherehe ya Bronx, New York, ya tarehe 11 Agosti 1973, inayohesabiwa kuwa mwanzo wa hip-hop, aliyekuwa kwenye mashine za santuri alikuwa DJ, Kool Herc. Wacheza dansi nao waulize mapema kuhusu sakafu: mbao zilizobana bila mwanya, juu yake zulia la plastiki, na mkanda urefu wote wa maungio. Pita na kiganja kabla ya kucheza. Ncha ya mkanda iliyobanduka inatosha kukutegua kifundo cha mkono.