Maji Yameshapita, Muulize Samaki

Watu wakituona mtoni na nyavu na ndoo, tukivua samaki ili kujua kama mashamba yameuchafua mto, swali lao ni lile lile: kwa nini msichote maji tu mkayapeleka maabara? Tunayachota pia. Shida ni kwamba dawa ikipulizwa shambani leo na mvua ikanyesha usiku, sumu huteremka mtoni, hupanda hadi kilele chake na kupita ndani ya saa chache. Ukija na chupa yako siku tatu baadaye, utachota maji yasiyo na neno na kuandika ripoti ya kumfurahisha kila mtu. Samaki anayeishi pale hakuwa na pa kukimbilia, na athari bado anayo mwilini.

Chukua viuadudu vya jamii ya oganofosfeti. Kila neva inapotuma ujumbe kwa msuli, kemikali ya ujumbe huo inapaswa kuvunjwa mara moja na kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi. Oganofosfeti hukiziba kimeng'enya hicho, ujumbe haukatiki, na samaki hutetemeka, huogelea upandeupande, au hushindwa kumkwepa adui. Jamii ya kabameti hufanya vivyo hivyo ila huachia mapema, baada ya saa au siku chache, ilhali oganofosfeti huweza kung'ang'ania kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo tunapopata nafasi ya kuigundua dawa hata maji yakishapita.

Tunatoa ubongo wa samaki, mdogo kama punje, na kuugandisha papo hapo kwa nitrojeni ya kimiminika, kwa sababu ukichelewa kwenye joto kipimo kimeharibika. Maabara tunatumia mbinu ambayo mwanasayansi Ellman na wenzake waliichapisha mwaka 1961. Ubongo uliosagwa hutiwa kemikali ambayo hugeuka njano kadiri kimeng'enya kinavyofanya kazi, na mashine husoma rangi hiyo kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 412. Ubongo wa samaki mwenye afya hukoza njano upesi. Wa samaki aliyeguswa na dawa hujivuta, mara nyingine hubaki umepauka huku wewe ukitazama saa.

Lakini umepauka kulinganisha na nini? Kiwango cha kimeng'enya hiki hutofautiana kati ya spishi na spishi, na hubadilika kwa joto la maji na ukubwa wa samaki. Kwa hiyo namba za samaki wa maabara, hata awe yule samaki mdogo mwenye milia aitwaye samaki-pundamilia anayefugwa na watafiti duniani kote, hazinitoshi. Ninahitaji samaki wa asili wa mto huohuo, spishi ileile, waliokamatwa upande wa juu wa mto kabla ya mashamba na upande wa chini baada yake. Tena nawataka wadogo wasiohama. Samaki mkubwa anayesafiri kilomita nyingi kwenda kutaga amepita kwenye maji ya kila aina, na hujui dawa aliikuta wapi.

Kipimo cha pili hakihitaji nitrojeni wala mashine: ni kuhesabu nani yupo na nani hayupo. Mwanaikolojia James Karr alikiweka katika mfumo mwaka 1981, kwa mito midogo ya maeneo ya kati ya Marekani. Alikuwa na vigezo 12, kila kimoja kikipewa alama 1, 3 au 5, hivyo mto hupata kati ya 12 na 60. Wazo ni zuri mno, ila jedwali lenyewe halihamishiki. Mojawapo ya vigezo vyake ni idadi ya spishi za darter, visamaki vya sakafu ya mto ambavyo kwa asili hupatikana Amerika Kaskazini peke yake. Kila bonde linadai jedwali lake, na kulitengeneza ni kazi ya kuwajua samaki wa pale mmoja mmoja: nani hutaga kwenye kokoto, nani hula wadudu tu, nani hustahimili chochote. Ukivua ukapata kambare tele na karibu hakuna kingine, usishangilie wingi huo. Kambare wengi huvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo oksijeni ikiisha mtoni wao hubaki.

Na oksijeni huisha hasa kwa sababu ya mbolea. Mwani ukistawi, mchana hujaza maji oksijeni, usiku huinyonya. Anayepima saa saba mchana hataona tatizo, apime kabla ya mapambazuko. Mchana una hila yake: mwani hupandisha pH, yaani hupunguza uasidi wa maji, na amonia iliyotoka kwenye samadi na mbolea hugeukia umbo lake lenye sumu kali zaidi.

Ninachokisisitiza, hata wenzangu wakinichoka, ni udongo. Tunapenda kuisaka dawa kwa kuwa ina jina na kiwanda, lakini tope linaloporomoka kutoka shamba lililolimwa hadi ukingoni hufunika kokoto, na mayai ya samaki yaliyo katikati ya kokoto hizo hukosa hewa. Samaki wakubwa utawakamata, wanene, kimeng'enya chao sawasawa. Pima urefu wa wote uliovua: ukikosa kabisa wale wadogo waliozaliwa mwaka huu, rudi ukakague ukingo na sakafu ya mto kabla ya kutaja dawa yoyote.