Kupanda vilima vya mawe vya Dodoma kwa siku moja

Dodoma iko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake mkavu humlaghai mpandaji: jasho hukauka kabla hajalihisi, naye hudhani mwili hauhitaji maji. Ndiyo maana matembezi ya vilima vya huku hupangwa kwa kufuata jua kwanza, njia baadaye. Napendekeza Juni hadi Agosti. Saa 1 asubuhi muwe mmeshaanza kupanda. Saa 5 geuzeni, hata kama kilele mnakiona.

Kukadiria muda, wapandaji hutumia kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, pamoja na nusu saa kwa kila mita 300 za kupanda. Kilomita 6 zenye mwinuko wa mita 300 zinatoa kama saa 1 na dakika 40. Kwenye vichaka vya migunga na majabali yetu, zidisha mara mbili.

Maji ni nusu lita kwa saa, na zaidi joto likipanda. Kwa hiyo lita 3 kwa mtu ndiyo ya chini. Moja ya hizo itiwe pakiti ya ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), au vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mtu aliyetoka jasho asubuhi nzima akinywa maji matupu mengi, chumvi ya damu hupungua; anaumwa kichwa na kusikia kichefuchefu, wenzake wanadhani ni kiu na kumwongezea maji yaleyale.

Hatari kubwa iko kwenye kushuka. Matale, yaani mawe ya graniti, hubanduka tabaka kwa tabaka, na juu yake hubaki changarawe inayobingirika chini ya soli. Anayeogopa huegemea nyuma, uzito unahamia kisiginoni, anateleza. Kunja magoti, piga hatua fupi, kanyaga kwa unyayo wote, katisha mteremko kwa mshazari. Gonga bamba la jiwe kabla ya kulikanyaga: likilia kama lina uwazi chini, lipite pembeni. Mvua ikinyesha, msitembee juu ya mwamba mpaka ukauke. Vaa raba zenye soli ngumu, kwani mwiba wa mgunga hupenya ndala bila shida.

Usiingize mkono kwenye ufa usioona ndani yake. Kifutu, nyoka mwenye sumu, hujilaza humo. Nyuki nao hukaa kwenye nyufa na mapango ya mibuyu. Wakitoka, funika uso na kukimbia bila kuwapunga.

Kabla ya kupanda kilima chochote, pitia ofisi ya kijiji, kwa kuwa vingine ni mahali pa matambiko.

Kwa anayeanza, nachagua Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, kwenye barabara ya lami iendayo Babati. Michoro yake ya miambani imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, na mwongozaji hupatikana ofisi ya mambo ya kale, hivyo njia haikusumbui. Ukifika kwenye michoro usiiguse wala kuimwagia maji ili rangi ing'ae kwa picha: maji huifubaza, na hakuna wa kuichora upya.