Mkono unaonuka panya: maswali kuhusu kulisha nyoka bila kung'atwa

Wafugaji wa nyoka Arusha na Moshi si wengi, lakini wapo: wahudumu wa bustani za nyoka, vijana wenye leseni zao, na wengine ambao tusiwataje. Mimi nimelisha chatu miaka kadhaa, na kovu lililoko kwenye kidole gumba changu cha kushoto nililipata kwa uzembe wangu mwenyewe.

Chatu wangu nimemlea tangu akiwa mdogo kama mkanda wa suruali. Ananijua. Mbona juzi amenigonga wakati namlisha?

Kaka, anakuzoea, ila wakati wa kula hakutambui. Macho ya nyoka si makali, hivyo dunia yake anaisoma kwa ulimi. Kila akiutoa anaokota harufu hewani na kuipeleka kwenye kiungo maalumu kilichoko juu ya kaakaa. Chatu ana zaidi ya hapo: midomoni ana vishimo vidogo vinavyohisi joto. Sasa jiweke mahali pake. Kizimba kimefunguka, kuna harufu ya panya, na kitu chenye joto kinasogea. Kitu hicho ni mkono wako, ulioshika panya dakika mbili zilizopita.

Kwa hiyo kabla ya kusogea kizimbani, nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, hata kama panya ulimshika kwa mfuko. Ukitoka kushika sungura, kuku au mbwa, nawa vilevile. Mimi nilikuwa nimetoka kuchinja kuku nikajifuta kwenye aproni, basi.

Nitumie nini badala ya mkono?

Koleo ndefu. Ile ya kugeuzia nyama choma, yenye urefu wa kama nusu mita, inafaa kabisa, mradi isirudi jikoni tena. Ncha zake zivishe mpira, maana nyoka akirukia chuma anaweza kuumia meno na fizi. Mshike panya kiunoni au mkiani, kichwa kikimwelekea nyoka, kisha msogeze taratibu kutoka pembeni. Usisimame juu yake ukamning'iniza usoni. Akishadaka na kuanza kukaza, funga kizimba uondoke. Kusimama hapo kupiga picha ndiko kunakowaponza wengi.

Kingine ni fimbo ya kulabu. Siku usiyomlisha, kabla ya kumshika, mguse nayo taratibu mgongoni. Baada ya wiki chache anajifunza kwamba akiguswa na fimbo hakuna chakula. Nyoka anayefunguliwa kizimba siku za kula tu hujifunza kinyume chake: kila mlango ukilia, anajiandaa kudaka.

Nimeambiwa nimhamishie kwenye beseni la kulia ili asihusishe kizimba na chakula. Ni kweli?

Wafugaji wanabishana sana hapa. Mimi nipo upande wa kumwacha alipo. Ukimhamisha, unamshika akiwa na njaa, halafu unamrudisha akiwa bado na hamu ya kula, tumbo likiwa limejaa. Hizo ni nafasi mbili za kung'atwa pasipo na sababu.

Panya hai au aliyekufa?

Aliyekufa. Panya hai aliyekosa pa kukimbilia anamng'ata nyoka, na nyoka aliyeumizwa anakuwa na wasiwasi kila kizimba kinapofunguliwa. Panya wa friza mwache ayeyuke, kisha mtumbukize kwenye maji ya moto akiwa ndani ya mfuko mpaka apate joto kama la mwili. Akiwa wa baridi, vile vishimo vya midomoni haviambulii kitu, na nyoka anaanza kutafuta chenye joto karibu, yaani wewe. Maikrowevu usitumie: humpasua panya, tena huacha sehemu za ndani zikichemka na nyingine zikiwa barafu.

Ukubwa wa panya usizidi sana unene wa nyoka pale alipo mnene zaidi.

Mwezi wa saba wangu hataki kula kabisa. Nimsogezee zaidi?

Hapana. Arusha ipo juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti nyumba zetu ni baridi kwa nyoka. Nyoka hana joto lake mwenyewe, na bila joto la nje tumbo halisagi. Akimeza kwenye baridi, mara nyingi hutapika. Mwenzako wa Moshi mjini, chini huko kwenye joto, hataelewa unalalamika nini. Rekebisha joto la kizimba kwanza.

Angalia pia macho yake. Yakiwa na ukungu wa buluu, anakaribia kujivua gamba. Haoni vizuri na ni mkali. Mwache. Na akishakula, usimshike kwa siku mbili.

Wangu amevuka mita mbili na nusu. Naweza kumlisha peke yangu?

Usithubutu. Chatu wa huku kwetu huvuka mita 4, na mwenye ukubwa huo akikosea mkono haishii kung'ata tu, atajizungusha. Awepo mtu mzima mwingine ndani ya chumba, si wa kupigiwa simu.

Ameng'ata na hataki kuachia. Nifanyeje?

Usivute. Meno ya chatu yameelekea nyuma, kwa hiyo ukivuta yatachana nyama na mengine yatavunjikia humo. Tulia, mmwagie maji ya baridi kichwani, au weka tone la spiriti karibu na mdomo wake. Akiwa amejizungusha, msaidizi aanze kumfungua kutoka mkiani.

Kisha osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, bana kwa kitambaa safi mpaka damu ikate, na uende kituo cha afya uulizie chanjo ya pepopunda. Chatu hana sumu, lakini mdomo wake una bakteria. Ukiona wekundu unaosambaa, usaha au homa, rudi siku hiyohiyo.

Jirani ana kifutu kwenye ndoo. Kanuni ni hizohizo?

Hapo hakuna kanuni ya nyumbani. Sumu ya kifutu huvimbisha na kuozesha nyama, na ya koboko huzuia pumzi. Kufuga mnyamapori kunahitaji leseni, na wahusika ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Akigongwa, msifunge kamba, msichanje, msinyonye, na lile jiwe la nyoka liacheni lilipo. Mvueni pete na bangili kabla mkono haujavimba, kiungo kisitikisike, mkimbizeni hospitali yenye dawa ya kuzuia sumu. Pigeni simu kwanza mkiwa njiani: Mount Meru kwa Arusha, KCMC kwa Moshi. Meserani, kama kilomita 25 kutoka Arusha kwenye barabara ya Dodoma, kuna bustani ya nyoka yenye kliniki inayojulikana kwa kutibu waliogongwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa nyoka kila mwaka.

Nina mtoto wa miaka mitatu. Nyoka hayupo karibu naye, kuna shida?

Dada, ipo moja isiyo na meno. Nyoka wengi hubeba salmonela kwenye kinyesi na ngozi bila wao kuugua, na watoto wa chini ya miaka mitano huharishwa vibaya nayo. Bakuli lake la maji lisioshwe kwenye sinki la jikoni, panya wasikae friza moja na nyama ya familia, na koleo ile, narudia, isirudi kwenye jiko la mkaa.