Kabla ya fuvu, tazama ukingo wa karatasi

Wanaoniletea chapa za sanaa, yaani picha za wasanii zilizochapwa kwa nakala zenye idadi maalumu, niwakagulie huanza na picha: fuvu, vidonge, mfupa wa nyonga. Mimi naanza chini, kwenye ukingo mweupe. Hapo ndipo huwekwa sahihi ya penseli na namba kama 37/150, yaani nakala ya 37 kati ya 150. Wasanii wengine hutia sahihi nyuma, kwa hiyo omba karatasi itolewe kwenye fremu. Muuzaji akikataa, umeshajibiwa.

Seti ninayopenda kuitolea mfano ni The Last Supper (Karamu ya Mwisho) ya msanii Mwingereza Damien Hirst, iliyotolewa London mwaka 1999 na Paragon Press: chapa 13 za skrini (wino husukumwa kupitia wavu hadi kwenye karatasi), nakala 150. Kila moja ni kasha la dawa lililokuzwa hadi likafika karibu mita moja na nusu kwenda juu. Mpangilio ni wa kiwandani kabisa, na miligramu zimo. Ila penye jina la dawa pameandikwa chakula cha kila siku cha Waingereza: Sausages, Omelette, Cornish Pasty. Penye jina la kampuni, Hirst kachomeka lake. Yesu na wanafunzi wake 12 ndio hao 13. Sisi tuliolelewa na sala ya mezani pamoja na “kutwa mara tatu baada ya chakula” tunaupata utani huu upesi.

Shida ya seti ni kuvunjwa. Karatasi moja kubwa hivyo hupata ukuta; 13 zinataka ukumbi. Ukiuziwa seti “kamili”, linganisha namba karatasi kwa karatasi.

Fuvu lake maarufu, For the Love of God la 2007, ni la platini lenye almasi 8,601, na meno ni ya binadamu kweli, ya mtu wa karne ya 18. Limezaa chapa za matoleo mengi, mengine yakiwa yamenyunyiziwa vumbi la almasi. Kusema “nina fuvu la Hirst” hakutoshi: toleo gani, nakala ngapi? Na lenye vumbi lisigusane na kioo cha fremu.

Wengi hudhani 1/150 ni bora kuliko 140/150. Kwa chapa ya skrini, tofauti hiyo sijawahi kuilipia. Mambo hubadilika mchoro ukikwaruzwa kwa sindano juu ya bamba la shaba: kingo za mikwaruzo husagika kila bamba linapopita mtamboni, na nakala za mwisho huwa hafifu. Tembea na lensi ya kukuzia. Wino wa skrini hulala juu ya karatasi kama ngozi moja ya rangi. Ukiona vinukta vya rangi nne vilivyojipanga kwa maua madogo, hiyo ni kazi ya mtambo wa magazeti, si chapa ya skrini.

Kwa fedha zangu, hata hivyo, ningemfuata Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa Nairobi. Kwenye Histology of the Different Classes of Uterine Tumors alichukua kurasa za zamani za michoro ya kitabibu ya viungo vya uzazi, akabandika juu yake vipande vya majarida hadi zikatoka nyuso za wanawake. Mwaka 2006 zikatolewa kama seti ya chapa 12. Hirst anakitania kifo kutoka duka la dawa. Mutu anauliza ni mwili wa nani uliolazwa juu ya meza ukachorwa, na nani alikuwa ameshika kalamu. Hilo ndilo ningetaka ukutani.

Kwa kazi ya mchanganyiko wa aina hiyo, zima taa ya dari umulike kwa tochi kutoka pembeni: kilichobandikwa hutoa kivuli, kilichochapwa hakitoi.